Dirishani Waliniuliza Mume Wangu

Swali la kwanza nililoulizwa hospitali halikuhusu titi. Nilikuwa nimesimama kwenye dirisha la mapokezi, Mugumu, mkono wa kushoto nimeubana ubavuni kama mtu aliyeficha kitu cha wizi, na dada wa dirishani akaniuliza bila kuinua uso, "Mume wako anaitwa nani?"

Nyuma yangu sauti ya mwanamke mzee ikajibu kwa nguvu, "Ni mimi."

Foleni nzima ikacheka. Yule dada akainua uso, akamwangalia mama, akaniangalia mimi, akaandika kitu anachokijua mwenyewe. Nilitamani sakafu ipasuke. Nilikuwa na donge kwenye titi na bado nilikuwa na nafasi ya kuona aibu.

Kwa msomaji wa mbali, nieleze. Huku kwetu Wakurya, mama ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe wake akaoa mwanamke mwenzake. Nyumba hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Yule aliyeolewa anazaa na mwanaume wanayekubaliana naye, lakini watoto ni wa mji wa mama, yaani boma lake, na wanabeba jina la marehemu mume wake. Mimi ni omokamona, yaani mke wa mwana, ingawa mwana mwenyewe hakuwahi kuzaliwa. Mama aliyenioa anaitwa Weisiko. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa msichana mkubwa, fundi wa nguo mwenye cherehani yake, na wachumba niliokuwa nao hawakuwa wa maana. Mama Weisiko alikuja nyumbani kwetu na ng'ombe, akasema anataka mtu wa kumchekesha na wa kumzalia. Nimemzalia watatu. Kumchekesha, siku nyingine naweza na siku nyingine nashindwa.

Naandika haya kwa ajili ya mwanamke ambaye leo, akioga, ameshika kitu kigumu na sasa amekaa kitandani hajui amwambie nani. Dada yangu, maneno ya kitaalamu utamuuliza daktari. Mimi nilisikia nusu tu ya aliyoniambia, nusu nyingine ilimezwa na mapigo ya moyo wangu. Nitakuambia yale ambayo hakuna aliyeniambia.

Nililishika mara ya kwanza wakati wa kupalilia mahindi. Nilidhani ni cherehani, maana mtu akiinamia kitambaa siku nzima kifua kinauma. Mahindi yalipoanza kutoa mbelewele lilikuwa bado lipo, na lilikuwa gumu kama kokwa ya embe. Mugumu wakanipeleka Musoma. Musoma wakakata nyama kidogo, wakasema subiri majibu.

Kusubiri majibu ni ugonjwa wa peke yake. Nilishona sketi za shule nikazishona upande wa ndani nje. Mteja mmoja alinipa kitambaa cha gauni la harusi nikakikata mikono miwili ya kushoto. Simu ikiita nilikuwa naiacha iite hadi ikatike, kisha nampigia aliyepiga, nakuta ni mtu anauliza kama zipu nimebadilisha. Kama na wewe unasubiri, usijilaumu kwa kuharibu kazi. Mwambie mteja ukweli. Yule bibi harusi nilipomwambia alilia kuliko mimi, akanunua kitambaa kingine.

Majibu yalikuwa mabaya, lakini daktari alisema ugonjwa umewahiwa. Nikapelekwa Mwanza, hospitali ya rufaa, kuanza dripu. Baada ya dripu, upasuaji. Baada ya upasuaji, mionzi. Alinipangia kama ninavyompangia mteja: kwanza kukata, halafu kushona, halafu kupiga pasi. Akasema neno moja ambalo liliniganda kichwani: "Usiruke hata dripu moja."

Kule kwenye korido ya Mwanza kuna mabenchi ya mbao yaliyong'arishwa na makalio ya watu wenye wasiwasi. Unakaa, unasogea, unakaa, unasogea. Nilikaa jirani na mwanamke wa Ukerewe anayeitwa Mama Neema, aliyekuwa amenitangulia kwa dripu mbili. Aliniona nimebeba mkoba wenye sabuni na Biblia tu, akatikisa kichwa. "Umekuja kama unaenda semina," aliniambia. Akanipa kipande cha ndimu. "Ukisikia mdomo umekuwa chuma, lamba. Na safari ijayo uje na khanga mbili, moja ya kujifunika na moja ya kutapikia." Nilimchukia kidogo siku ile. Dripu ilipoanza kuingia nikasikia mdomo umekuwa chuma kweli, nikalamba, na nikampenda mpaka leo.

Nywele zilitoka baada ya dripu ya pili. Binti yangu mkubwa, Ghati, alizoea kunisuka kila Jumapili baada ya kanisa. Jumapili hiyo alishika fungu akasuka, fungu likabaki mkononi mwake. Aliliweka pembeni taratibu, kisha akamwita bibi yake, akamkalisha kwenye kigoda kilekile, akaanza kumsuka yeye. Mama Weisiko hakuwa amesukwa tangu mumewe afariki. Alikaa mvi zake zikivutwa, machozi yanamtoka, akasingizia mtoto anavuta sana. Kucha zangu nazo zilikuwa nyeusi. Ugali ulikuwa na ladha ya misumari, na mlenda tu ndio ulipita.

Hizo dripu tulizilipia kwa ng'ombe. Sitataja hesabu, mwenye ng'ombe anaelewa. Kila safari ya Mwanza ilipokaribia, mama alikuwa anaswaga mmoja kwenda mnadani, anarudi na kamba tupu begani. Hakuwahi kunilalamikia. Lakini mimi niliwajua ng'ombe wale kwa sauti, na jioni wakati wa kukamua nilisikia zizi linavyopungua. Baada ya dripu ya tatu alibaki mtamba mmoja mwenye baka jeupe usoni, na yule, akizaa, ndiye wa maziwa ya watoto. Hofu yangu ikahama kutoka kwenye titi ikaenda kwenye zizi. Nilikuwa nalala nikiwaza yule mtamba, naamka nikimuwaza.

Wakati huohuo nchi nzima ilikuwa inazungumza bima. Redio ya jirani ilikuwa inaongea bima ya afya kwa wote asubuhi mpaka jioni: sheria imepita, sheria bado haijaanza, itakuwa lazima, itakuwa hiari, nani atamlipia asiyejiweza. Ndugu zetu wa upande wa pili wa mpaka, Isebania, walipiga simu kutuambia kwao nako wamebadilishiwa bima na wanagombana vilevile. Kabla sijaugua mazungumzo haya yalinipita sikioni. Sasa nilikuwa natega sikio mpaka shingo inauma.

Diwani akaitisha mkutano kwenye kiwanja cha mnada hapa Morotonga. Nilifunga kilemba, nikaenda na mama. Tulikaa kwenye nyasi upande wa wanawake.

"Ndugu wananchi," alisema diwani, "bima hii unalipa ukiwa mzima, ukiugua unatibiwa. Ni kwa kaya. Kila kaya iandikishwe."

Mzee mmoja akasimama na fimbo yake. "Wewe mura, kijana wangu, sikiliza. Unataka niuze ng'ombe mzima kwa ajili ya ugonjwa ambao haujafika? Huko si ndiko kuuita?"

Watu wakaitikia. Kijana wa bodaboda akadakia kwamba wenye kadi za zamani wakifika dirishani wanaambiwa dawa kanunue dukani, je, hiyo mpya itakuja na dawa? Diwani akasema serikali inalifanyia kazi. Mama mmoja muuza mboga akauliza kama kulipa ni lazima au hiari. "Itakuwa lazima," alisema diwani. Yule mama akawageukia wenzake. "Mmesikia? Sisi kulipa ni lazima, wao kuleta dawa ni hiari!" Kiwanja kikalipuka kwa kicheko. Mzee mwingine akasema ana miji mitatu, kila mji na mke wake, aandike yupi bila kupigwa na wale wawili? Hapo hata diwani alicheka.

Mimi sikucheka. Nitasema wazi, nilikuwa na hasira. Kila mmoja wao alikuwa na hoja, na hoja nyingine zilikuwa za kweli kabisa. Lakini walizungumza kama watu wanaobishana mvua itanyesha mwezi gani, na mimi nilikuwa nimeshalowa. Nilitaka kuvua kilemba wakione kichwa changu. Vidole vyangu vilikuwa tayari kwenye fundo nilipomwona mama amesimama.

Mwanamke kusimama katikati ya wazee huku kwetu si jambo dogo. Lakini Mama Weisiko ni mwenye mji, hana mwanaume wa kumsemea. Akawaamkia wazee, shikamooni, akawasalimu wengine. "Diwani, mimi nina mke," alisema. "Mke wangu anaumwa. Kwenye hiyo bima yenu mimi nakaa wapi?"

Vijana wachache walicheka, wazee wakawanyamazisha. Diwani alikohoa, akamsogeza mbele dada mmoja mgeni aliyekuja na simu ya kuandikishia watu. Huyo alikuwa na heshima. Alisema, "Bibi, simu hii ina nafasi tatu tu chini ya mkuu wa kaya. Mwenza, mtoto, mzazi."

"Basi andika mwenza."

"Mwenza lazima awe mume na mke, bibi. Mmoja wa kiume, mmoja wa kike."

"Ng'ombe niliotoa walikuwa madume na majike," alisema mama, "na hakuna aliyeniuliza."

Hapo watu walicheka vizuri, hata mimi. Yule dada akauliza kama naweza kuwa mtoto wa mama. Akajijibu mwenyewe kwamba mtu mzima mwenye watoto wake haingii hapo. Akafikiri kidogo. "Njia iliyopo ni hii," alisema. "Huyu dada ajiandikishe yeye mwenyewe. Yeye awe mkuu wa kaya, na watoto wake wawe chini yake."

Yule dada alikuwa mgeni, hakujua alichosema. Kila Mkurya pale alijua. Mke wa nyumba ntobhu akisema ana mji wake na watoto wake, maana yake amevunja nyumba. Mama aliyemuoa anabaki mtu aliyetoa ng'ombe bure. Watoto wanaacha kuwa wa marehemu, jina linazikwa mara ya pili. Na ng'ombe wanaweza kudaiwa kwa wazazi wa binti, na wazazi wangu ng'ombe wale waliwatoa zamani kumuolea kaka yangu.

"Hilo tutalipeleka juu," alisema diwani. Mkutano ukafungwa kwa sala.

Juu ni mbali. Dripu ya nne ilikuwa karibu. Kaka yangu alinipigia simu kabla jua halijazama, taarifa ilikuwa imemfikia. Hakuuliza hali yangu. Alisema, "Robi, usije ukatuletea kesi ya ng'ombe." Nilikata simu. Ndugu wanaweza kukuumiza pasipo kukusudia, hasa wakiogopa, na mimi nimemsamehe ingawa hajaniomba.

Kisha akaja Marwa. Marwa ndiye baba wa damu wa watoto wangu. Amefiwa na mkewe, ni mtu mpole, anafanya kazi kwa wakala wa kutoa mizigo forodhani Sirari, na mwajiri wake amemkatia bima nzuri. Katika nyumba yetu amekuwa mgeni wa heshima miaka yote. Anakuja, anakula, anaondoka, watoto wanamwamkia kama wanavyomwamkia mtu mzima yeyote. Siku ile alikaa chini ya paa la banda langu la cherehani, akazungusha kofia mikononi.

"Wacha nikuambie, Robi," alisema na Kiswahili chake cha mpakani. "Hii maneno iko rahisi. Nakuandika wewe mwenza wangu. Wiki ijayo kadi iko. Unaenda Mwanza, unatibiwa, hakuna mtu ataitisha kitu."

"Na watoto?"

"Watoto nao naandika." Akaitazama kofia yake. "Si ni wangu pia."

Alisema bila ubaya wowote, na ndiyo maana niliogopa. Nikiandikwa kwake napata dripu. Lakini siku moja watoto watashika karatasi inayosema baba yao ni Marwa wa Sirari, na Magige wangu, aliyepewa jina la marehemu mwenye mji, atakuwa ametolewa mjini kwake akiwa hajui. Na Marwa, mtu mpole, akizeeka akataka wana wa kumzika, karatasi atakuwa nayo. Nilimwomba anipe siku chache. Akasema, "Ugonjwa haingoji, Robi." Nilijua hilo kuliko yeye.

Nilimwambia mama kesho yake, alipokuwa anamenya mihogo. Nilimwambia yote, pamoja na nafsi yangu ilivyotamani kusema ndiyo. Alimenya mhogo mmoja mpaka mwisho. Akauweka kwenye beseni la maji.

"Ukiandikwa kwa Marwa," alisema, "mimi nilioa nini?"

Nililia pale, nikamwambia sitaki kufa. Ndiyo mara ya kwanza nililitamka neno hilo kwa sauti. Yeye akachukua mhogo mwingine, kisu kikamponyoka, akakiokota, kikamponyoka tena. Akainuka akaenda zizini, akakaa na yule mtamba hadi watoto waliporudi shule. Siku zile zilizofuata hatukuzungumza zaidi ya chumvi iko wapi. Mtu akikuambia ugonjwa unaunganisha familia, mwambie wakati mwingine unawakalisha watu chumba kimoja kila mmoja na ukuta wake.

Tarehe ya dripu ya nne ikapita. Nasema tena, ikapita. Nilikaa kwenye cherehani nikashona vitambaa visivyo na mwenyewe. Kila nilipopumua nilihisi donge linasikiliza. Nilimpigia Mama Neema wa Ukerewe, akanikemea kama mama mzazi. "Uza hata paa la nyumba, uje," alisema. Nilimjibu kwamba shida yetu si paa.

Siku ya tatu baada ya tarehe hiyo nilishika simu nimpigie Marwa, nimwambie ndiyo. Mama alikuwa anafagia uwanja. Aliniona, akaijua simu ile ni ya kwenda wapi. Akaegemeza ufagio ukutani.

"Usimpigie," alisema. "Mpigie yule msichana wa serikali."

Yule dada wa kuandikisha alikuja kwa bodaboda jioni, mvua za kwanza za vuli zikiwa zimemlowesha. Mama alikuwa amekwisha kuwaita wazee wawili wa ukoo wa marehemu, wakakaa kwenye viti na sisi tukakaa kwenye mkeka. Aliwaambia kwa Kikurya, kisha akarudia kwa Kiswahili ili mgeni asikie.

"Andika yeye juu," alisema. "Andika Robi mkuu wa kaya. Watoto waandike chini yake, kwa majina yao yaleyale ya mji huu, usibadilishe hata moja. Halafu mimi."

"Wewe wapi, bibi?"

"Si ulisema kuna nafasi ya mzazi? Niandike hapo. Chini."

Mzee mmoja wa ukoo akaguna. "Weisiko, unajishusha. Wewe ndiye uliyeoa. Watu watasema mke amekuoa wewe."

"Waseme," alisema mama. "Jina la Magige litafute pa kukaa lenyewe. Watoto hawa wakikosa mama yao nitawapeleka nalo wapi?" Kisha akanigeukia, na sauti yake ikawa kali kama siku nilipounguza maharage ya msiba. "Na wewe ukinikimbia na mji wangu, nitakufuata mpaka Mwanza."

Niliweka kidole kwenye simu ya yule dada pale aliponionyesha. Mama aliweka chake baada yangu, na kidole chake kimechakaa kwa jembe, simu ilikikataa mara kadhaa. Ilipokubali alikifuta kwenye khanga na akaenda kuchemsha chai ya wageni. Wazee walikunywa, wakasema wameona na wamesikia. Marwa nilimpigia mimi mwenyewe kumshukuru. Alisema, "Sawa. Iko sawa." Bado anakuja, anakula, anaondoka.

Usidhani shida ziliishia pale. Kadi ilikuwa na muda wake wa kungoja kabla ya kuanza kufanya kazi, na mtamba mwenye baka jeupe ndiye aliyelipia dripu ya nne. Mara ya kwanza kuitumia kadi, mtandao ulikata, tukakaa kwenye benchi mpaka watu wa usafi wakatupita na maji. Kuna dawa moja tuliambiwa haimo, tukainunua dukani, nikamkumbuka kijana wa bodaboda na hoja yake. Kwa hiyo ukinisikia nasifia bima, ujue naisifia nikiwa nimekunja uso. Watu wa pale mnadani walikuwa na haki ya kubishana. Waendelee kubishana mpaka dawa zitimie. Ila wewe mwenye donge usingoje wamalize.

Titi lilitolewa mahindi ya pili yakiwa yanabeba. Siku ya kufungua bendeji nilifumba macho. Mama ndiye aliyetazama kwanza. "Wamekushona vizuri," alisema. Nikafumbua jicho moja, la fundi. Mshono ulikuwa umenyooka, haujavuta popote. Sijui kama inafaa kusema hivyo, lakini ilinisaidia kuanzia hapo, kuutazama kama kazi ya mtu anayejua kazi yake, kabla ya kutazama palipokuwa patupu. Kwenye utupu nililia baadaye, na bado nalia siku nyingine. Mionzi iliniachia ngozi nyeusi kama kitako cha sufuria. Mkono wa kushoto unavimba nikishona muda mrefu, kwa hiyo nashona kidogo, nauinua juu ya mto, nashona tena.

Nilijitengenezea titi la kitambaa nikalijaza ulezi, maana pamba ni nyepesi na sidiria inapanda shingoni. Ulezi una uzito wake na unakaa. Tatizo nililijua siku niliponyeshewa nikitoka bwawa la Manchira kuchota maji, nikalianika juani likiwa limelowa. Kuku walilitoboa. Ghati alikuja anakimbia, "Mama, kuku wanakula titi lako!" Tulicheka tukakaa chini, mama akicheka huku anapangusa macho kwa upindo wa khanga. Sasa nawashonea wanawake wengine, na nimejifunza kuweka kitambaa cha nailoni ndani. Ukilihitaji, muulize fundi yeyote mwenye moyo, si kazi ngumu.

Bado naogopa. Kila mara ninaporudi Mwanza kupimwa, juma zima kabla yake nakata mikono ya kushoto tupu. Mama Neema aliondoka mwaka uliopita, mwezi wa mvua kubwa, na benchi lile siwezi kukaa upande wake. Sitakudanganya kwamba hofu inaisha. Inapungua ukubwa, inakaa pembeni kama mgeni asiyeaga.

Na macho ya mama yalikuwa yanafunga. Kumbe kisu cha mihogo hakikumponyoka kwa hasira peke yake. Alikuwa ameficha mtoto wa jicho siku zote hizo ili ng'ombe waende kwangu. Nilipojua nilimgombeza, kisha nikamfunga kilemba kizuri, tukaenda hospitali na kadi yetu. Tulisimama kwenye dirisha. Dada wa dirishani, mwingine, kijana zaidi, aliisoma kadi.

"Bibi, umeandikwa mtegemezi. Huyu mchangiaji ni nani wako?"

Nilifungua mdomo nimsaidie. Mama akanisukuma kwa kiwiko, upande wangu mzima. Akaninyooshea mkono akinitafuta kidogo kwa macho yake yenye ukungu, na akajibu kwa sauti ileile ya zamani, foleni yote ikasikia.

"Ndiye mwenye mji."

Hakuna aliyecheka. Yule dada akagonga mhuri, akatuonyesha benchi, na tukaenda kukaa.